Ashikwe Mharamia, Aachwe Mnunuzi

Aliyenunua filamu kwa fedha zake ana haki ya kuitazama kwa chombo anachokitaka. Hoja hiyo ilipimwa mahakamani nchini Norway. Mwaka 1999 Jon Lech Johansen, kijana wa miaka 15, alishirikiana na wenzake kutengeneza DeCSS, programu ya kufungua kufuli la kidijitali la DVD. Alishtakiwa, lakini mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa diski alizozifungua alizipata kihalali. Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 2000, jijini New York, studio nane za filamu zilimshinda mchapishaji wa jarida la 2600 aliyeisambaza programu hiyohiyo. Jaji Lewis Kaplan aliongozwa na sheria ya mwaka 1998 iitwayo DMCA, inayoharamisha kusambaza chombo chenyewe, hata kama wapo watakaokitumia kwa jambo halali.

Norway ndiyo iliyotenda haki. Wenye studio husema kufuli lisipolindwa na sheria, maharamia watanakili kazi na kuziuza, msanii abaki mikono mitupu. Hofu yao ina msingi, maana jasho la msanii si la kuliwa bure. Lakini kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini ni kosa tayari chini ya sheria ya hakimiliki. Anayefanya hivyo ana kesi ya kujibu, awe amevunja kufuli au hakulivunja.

Watetezi wa DMCA hujibu kwamba misamaha ipo. Ni kweli: kila baada ya miaka mitatu Mkutubi wa Bunge la Marekani hutangaza matumizi yanayoruhusiwa, yakiwemo ya wasioona wanaohitaji kusomewa vitabu vya kielektroniki kwa sauti. Ila msamaha huo humlinda anayefungua kufuli tu, haumlindi anayemtengenezea programu ya kulifungua. Asiyeona na asiyejua kuandika programu atanufaika vipi na ruhusa hiyo? Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unazitaka nchi zihakikishe kwamba ulinzi wa makufuli hauwanyimi wasioona haki ya kusoma. Basi wabunge wetu waandike waziwazi kwamba kufungua kufuli, na kutengeneza chombo cha kulifungua kwa matumizi halali, si kosa. Kosa ni kuiba kazi ya mtu.