Maswali ya Nyumbani: Matumbawe Yasinyaayo Ndani ya Tangi

Tumeletewa barua kutoka Maskati na kijana mmoja ambaye nyumbani kwao husomwa ukurasa huu. Yeye na wadogo zake wanafuga matumbawe laini katika tangi la kioo la lita 200, na kwa muda wa miezi mitano yalistawi hata wageni wakawa hawaondoki ukumbini bila ya kusimama kuyatazama. Mwezi huu wa mwisho yamesinyaa. Tumbawe la ngozi, lile lenye umbo la uyoga, limejifunga. Xenia, ambayo vidole vyake hufumba na kufumbua mfano wa mkono, imeyeyuka ikawa ute. Na jiwe lililojaa viduara vya kijani na hudhurungi, ambavyo wao huviita vifungo, limefumba karibu lote. Ametueleza dawa alizotia na taa mpya aliyonunua. Kisha katika mstari wa mwisho kabisa ameandika kuwa mama yake amechoshwa na harufu, na ameshauri jiwe la vifungo litolewe, lichemshwe, na tangi lianzwe upya.

Twaanza na mstari huo, na mengine yatangoja. Jiwe hilo lisichemshwe. Wala lisimwagiwe maji ya moto, wala lisisuguliwe kwa brashi nje ya maji. Baadhi ya vifungo hivi, khasa vile vya jamii ya Palythoa, vina sumu iitwayo palitoksini, ambayo wataalamu waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa tumbawe la Hawaii, nayo ni miongoni mwa sumu kali mno zijulikanazo baharini. Mvuke wa maji yachemkayo huichukua hewani, na watu wa nyumba wakaivuta bila ya kujua. Mwezi wa Machi 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitali kwa sababu ya sumu ya matumbawe ya tangi la nyumbani, na baadhi yao hawakuwa wa nyumba hiyo, bali ni watu wa huduma za dharura waliokwenda kuwasaidia. Dalili zake ni homa na kutetemeka, kubanwa kifua, kikohozi, maumivu ya misuli, na ladha ya chuma mdomoni. Mwenye kupatwa na hayo atoke penye hewa safi, aende hospitali upesi, na amtajie daktari jina la sumu hiyo, kwani haina dawa yake makhsusi, na daktari asiyeambiwa atadhani ni mafua tu. Na siku zote mwenye kuligusa jiwe hilo avae glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wakae mbali. Mama yetu huyo na atuwie radhi. Shauri lake ni la mtu apendaye usafi, na hapana aliyemwambia kabla ya leo.

Sasa turejee kwenye ugonjwa wenyewe. Watu wa pwani tumezoea kuliita tumbawe jiwe, kwani tumelala ndani ya nyumba zilizojengwa kwalo. Lakini tumbawe ni mnyama, na hili laini halina hata jiwe la kujengea. Ndani ya mnofu wake mna vijichembe vya chokaa tu. Ndani ya mnofu huo huo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Basi kila kimwudhicho mnyama au mwani wake huonekana kwa namna moja: kujifunga na kusinyaa. Ndiyo maana haifai kumtazama tu kisha kukimbilia chupa ya dawa.

Juu ya tumbawe la ngozi huenda ikawa hapana ugonjwa wowote. Tumbawe hili lina desturi ya kujifunga kwa siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, likang'aa kana kwamba limepakwa nta, kisha likaambua utando wa juu na kufunguka likiwa zuri kuliko mwanzo. Lataka mkondo wa maji wa kutosha ili utando ule uondoke. Kijana wetu amelihamisha mahali mara nne kwa wiki mbili! Lau tungekuwa sisi tumbawe hilo, tungejifunga pia.

Lakini Xenia na vifungo kuharibika kwa wakati mmoja si desturi, na sababu twaiona ndani ya barua yenyewe. Ameandika kuwa maji hupungua lita moja kila siku kwa ule upepo wa mashine ya kupoza chumba, naye tangu mwezi mmoja huyajaza kwa maji ya chumvi aliyoyatengeneza, “ili yasipungue nguvu.” Hapo ndipo alipokosea, na wengi wamekosea kabla yake. Maji hupaa, chumvi haipai. Lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 35 hivi za chumvi, na kwa siku 30 ni gramu 1,050. Tangi lake lilikuwa na gramu 7,000, sasa zimepita 8,000. Yaani kutoka 35 kwa lita tumefika 40. Yako matumbawe katika Ghuba yaishiyo katika maji ya 40 na zaidi, lakini hayo yameyazoea kwa vizazi, si kwa mwezi. Kipimo chake cha plastiki chenye mshale kisimdanganye, kwani povu dogo likishika mshale husoma uwongo. Atafute rifraktometa, airekebishe kwa maji maalumu ya 35, ndipo apime.

Akikuta ni 40, asishushe kwa siku moja. Kila siku atoe lita 5 za tangi na kurejeza lita 5 za maji matamu, na chumvi itashuka kwa kiasi cha 1. Kwa siku tano au sita atakuwa amefika. Maji hayo matamu yasiwe ya mfereji moja kwa moja, kwani yana klorini na pengine shaba ya mabomba; yapitishwe katika chujio la osimosi. Baada ya hapo lita ipungukayo kila siku ijazwe kwa maji matamu peke yake.

Jambo la pili ametuandikia kwa fahari: naitreti 0, fosfati 0. Hatumpongezi. Mwani ule ulio ndani ya matumbawe hula vitu hivyo, na maji yasiyo na kitu ni njaa. Aitoe ile dawa ya kunyonya fosfati na awalishe samaki wake vizuri zaidi. Naitreti baina ya 5 na 10 kwa lita haidhuru matumbawe laini. Taa mpya nayo aipunguze hata nusu, kisha aiongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kadhalika matumbawe laini hupigana kimyakimya, kwani lile la ngozi hutoa majini kemikali za kuwatesa jirani zake. Makaa ya kuchujia yabadilishwe kila wiki tatu au nne, yake tumeambiwa yana miezi mitano. Na kama katika tangi hili samaki walipata kutibiwa madoa meupe kwa dawa ya shaba, atuarifu, maana shaba hujificha mchangani na mawemawe, na hapo shauri letu litageuka.

Ute wa Xenia aunyonye kwa mpira aumwage, kwani harufu yatoka huko. Dawa zote za chupa aziweke kabatini. Vifungo visipofunguka wiki mbili baada ya chumvi kurudi 35, atuandikie tena na vipimo vyake vyote, na jiwe likae ndani ya maji pale pale lilipo.