Namba ya jezi inapoamua nani apokee mpira

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

WAPENZI wa soka nchini hawajasahau Novemba 2024, pale Guinea ilipowasilisha malalamiko baada ya kufungwa na Taifa Stars bao 1-0 jijini Dar es Salaam. Guinea ilidai kuwa mchezaji mmoja wa Tanzania aliingia uwanjani na jezi yenye namba tofauti na iliyoandikwa kwenye orodha. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliyatupilia mbali malalamiko hayo, na Tanzania ikacheza fainali za Mataifa ya Afrika zilizoanza Morocco Desemba 2025.

Katika soka, namba ya jezi ni utambulisho tu. Upo mchezo mwingine ambao namba ndiyo inayompa mchezaji haki ya kupokea mpira au kumnyima. Mchezo huo ni futiboli ya Marekani, na sasa vijana wa pwani, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo, wana sababu ya kuufahamu. Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), ikikutana Mumbai, India, iliamua kuingiza futiboli ya bendera katika Michezo ya Los Angeles ya Julai 2028.

Mpokeaji halali ni nani?

Kwa mujibu wa kanuni za vyuo vikuu vya Marekani, kila timu huingiza wachezaji 11. Watano kati yao, wenye namba kuanzia 50 hadi 79, hujipanga kwenye safu ya mbele. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji, anayeitwa kotabeki. Hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele mpaka mpinzani awe ameugusa mpira.

Wanaoruhusiwa ni wale walio nyuma ya safu hiyo na wawili wa ncha zake, kila upande mmoja, ilimradi wavae namba 0 hadi 49 au 80 hadi 99. Namba peke yake haitoshi. Mwenye namba 88 akisimama kwenye safu, kisha mwenzake akajipanga nje yake kwenye safu hiyo hiyo, anakuwa amefunikwa na kupoteza haki yake. Aidha, asiyeruhusiwa akivuka mstari wa kuanzia kwa zaidi ya yadi tatu kabla pasi haijarushwa, timu yake huadhibiwa.

Kanuni hizi hazikuwekwa kwa kupenda ugumu. Pasi ya mbele iliruhusiwa mwaka 1906, baada ya vifo na majeraha ya mwaka 1905 kuwatia hofu wakuu wa vyuo. Kama kila mtu angeruhusiwa kupokea, walinzi wasingejua wamkabe nani. Ni mantiki inayokaribiana na ile ya kuotea katika soka: mahali ulipo ndipo panapoamua kama mpira unakuhusu.

Funzo la Dallas

Ligi ya kulipwa, NFL, inatofautiana na vyuo kwa jambo moja kubwa. Huko mchezaji mwenye namba isiyoruhusiwa anaweza kujitambulisha kwa mwamuzi na kupewa ruhusa kwa mchezo mmoja. Desemba 30, 2023, Taylor Decker wa Detroit Lions, mwenye namba 68, alipokea pasi ya pointi mbili ambayo ingeipa timu yake uongozi dhidi ya Dallas Cowboys zikiwa zimebaki sekunde chache. Mwamuzi aliifuta, akisema aliyejitambulisha kwake ni mchezaji mwingine. Cowboys wakashinda 20-19, na ubishi ukaendelea kwa siku nyingi.

Katika vyuo, ubishi wa namna hiyo hauna nafasi, kwa kuwa haki haitegemei neno lililosemwa katikati ya kelele za maelfu ya watazamaji. Imeandikwa mgongoni, kila mtu anaiona.

Kutoka Arusha hadi pwani

Mchezo huu uliwahi kufika nchini. Mei 21, 2011, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Chuo Kikuu cha Drake cha Iowa kiliifunga timu ya nyota wa vyuo vya Mexico, CONADEIP, kwa pointi 17-7. Wageni walipanda pia Mlima Kilimanjaro, kisha wakaondoka. Mchezo haukuota mizizi. Kofia ngumu na kinga za mabega ni ghali, na kwa mtazamaji aliyelelewa na soka, timu ambayo karibu nusu ya wachezaji wake hawaruhusiwi kudaka mpira ni fumbo.

Futiboli ya bendera inaondoa vikwazo vyote viwili. Kila upande una wachezaji watano, hakuna kuangushana, na anayekimbia na mpira husimamishwa kwa kunyofolewa kitambaa kiunoni. Hata mchezaji wa kati anayeanzisha mpira anaruhusiwa kupokea pasi. Kwa vijana waliokulia kwenye chandimu za ufukweni, ambako hakuna anayezuiwa kugusa mpira, hilo si jambo geni.

Hata hivyo, urahisi huo usiwadanganye viongozi wa michezo. Kenya imekwishaanza kuonja matunda ya ukaribu na NFL, ambayo iliendesha kambi ya vipaji Nairobi mwaka 2023. Tanzania ikitaka kufuata, mipira na mikanda ya bendera haitatosha. Kinachopaswa kutangulia ni walimu wa michezo na waamuzi wanaoifahamu kanuni kabla ya filimbi ya kwanza. Malalamiko ya Guinea yalimalizika kwa heri, lakini yaliwaacha Watanzania roho juu kwa sababu ya jezi moja. Katika mchezo ambao namba ni haki, kosa la namna hiyo lingeweza kuigharimu timu ushindi.