Meza inalipa, mchezaji halipwi

Mwandishi mmoja anadai kwamba kijana wa Arua, Uganda, mwenye shabaha nzuri anaweza sasa kuacha kazi na kuishi kwa mchezo wa pool. Simkubalii.

Tazama meza yenyewe, ile ya kando ya barabara pale Koboko, jirani na Arua: kitambaa kimechanika pembeni, chaki imebaki kipande cha ukubwa wa kucha. Sarafu inatumbukizwa, mipira inaporomoka, mchezo unaanza. Sarafu ile ni ya mwenye meza. Faida ya bia inayonywewa hapo ni ya mwenye baa. Mchezaji, hata awe hodari namna gani, ni mteja tu. Kila saa ya mazoezi anailipia mwenyewe. Mwanasoka akitaka kujinoa, uwanja wa kijiji haumdai kitu.

Ndiyo, yapo mashindano ya Chama cha Pool cha Uganda, na bia ya Nile Special imeyadhamini. Lakini zawadi nono huenda kwa wachache, na kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Ukitolewa raundi ya kwanza, nauli na malazi vimekwenda.

Sisemi vijana wasicheze. Kwa jinsi ninavyowapenda, siwezi kuwadanganya. Wenye meza watenge saa za mazoezi bila sarafu, na wadhamini walipe nauli za timu za West Nile, kanda yetu ya Arua na Koboko. Hadi hapo, kijana, usiuze bodaboda yako.