Mtoto Halishwi kwa Kuzibwa Pua

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, saa ya mtoto kula imegeuka kuwa saa ya mapambano. Mama anatakiwa kazini, baba amekwisha kutoka, na bakuli la uji lingali limejaa. Basi mtoto hulazwa chali magotini, hubanwa mikono, huzibwa pua ili afumbue kinywa, na uji humiminwa. Mama akichelewa, kazi hiyo huachiwa yaya, naye huagizwa jambo moja tu: ahakikishe uji umekwisha.

Desturi hii haina budi ikomeshwe. Kwanza, ni ya hatari. Mtoto anayelia huku akimiminiwa uji huvuta pumzi pamoja na chakula. Hupaliwa, na uji uingiao mapafuni waweza kuleta kichomi, hata kifo. Pili, haitimizi lengo lake. Mtoto aliyezoea kubanwa hujifunza kukiogopa kijiko, na kesho yake huyakaza meno mapema zaidi.

Wapo watakaojitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inahusu tabia, haihusu tumbo. Mtoto mchanga anapougeuza uso wake anasema kwa lugha pekee aliyo nayo: ameshiba, ana usingizi, uji una moto, kinywa kina vidonda, au chakula ni kigeni kwake. Wajibu wa mlezi ni kutambua ni lipi kati ya hayo. Chakula kigeni chaweza kukataliwa mara nane au kumi kabla ya kuzoeleka. Dawa yake ni kumwonjesha tena siku nyingine, kidogo kidogo, pasipo vitisho.

Aidha, mara nyingi kosa limo chunguni, halimo kwa mtoto. Tumbo dogo hujaa upesi. Uji mwepesi humshibisha kabla ya kumjenga. Na ukizidishwa unga huwa mzito hata akashindwa kuumeza. Jawabu la tatizo hili ni kimea, ambacho wataalamu wa lishe nchini walikichunguza katika miaka ya 1980. Unga kidogo wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa, ukikorogwa katika uji mzito na uji ukachemshwa tena, huulainisha pasipo kuongezwa maji. Zikiongezwa karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, mtoto hupata mengi katika vijiko vichache.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliyetimiza miezi sita huhitaji kulishwa mara mbili au tatu kwa siku pamoja na kunyonya. Kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, kama vile ndizi mbivu au parachichi. Mlo wa watu wazima wa mchana na jioni haumtoshi.

Ghala lililojaa siyo kinga. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Na katika Mkoa wa Iringa, wenye mahindi tele, waliodumaa walizidi nusu. Ni katika mkoa huo huo ambapo, kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 viliendesha mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, na vikaanzishwa vituo vya kuwalisha watoto wakati mama zao wako shambani. Ulishaji wa mtoto ulihesabiwa kuwa kazi ya kijiji kizima. Funzo hilo halifai kusahauliwa.

Kwa hiyo, baba naye aketi na mtoto wake penye bakuli. Yaya apewe muda na maelezo, asipewe amri tu. Mwalimu wa darasa la awali asimwaibishe mtoto alaye polepole mbele ya wenzake. Na mtoto akohoaye kila amezapo, asiyeweza kuketi wima kwa sababu ya ulemavu, au ambaye uzito wake hauongezeki, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Huyo si mkaidi, anahitaji msaada.

Kipimo cha malezi mema siyo bakuli tupu. Kipimo ni mstari wa uzito unaopanda katika kadi ya kliniki, na mtoto anayekisogelea kijiko kwa hiari yake.