Tumutumu inawapa viziwi lugha, miji yetu itajibu lini?

Shule zikifungwa, steji ya Karatina hujaa wanafunzi na masanduku yao, na kwa wengi hiyo ni sherehe. Lakini kuna mtoto mmoja ambaye likizo kwake ni habari nyingine. Ni mtoto kiziwi anayesoma bweni katika Shule ya Viziwi ya Tumutumu, pale Mathira, Kaunti ya Nyeri. Anatoka mahali ambapo anaweza kutaniana, kugombana, kuuliza swali na kujibiwa kwa lugha yake. Anarudi nyumbani ambako mara nyingi watu wanajua ishara tatu tu: kula, njoo, lala. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inageuka kuwa wiki baada ya wiki za kukaa pembeni akitazama midomo ikicheza bila kujua stori ni gani.

Tukitaja shule za wanafunzi wenye mahitaji maalum, wengi wetu hufikiria huruma kwanza. Picha ni zile zile: gari la msaada, magunia ya unga, mafuta, sodo, halafu wageni wanapanga mstari na watoto wapigwe picha ya kuweka Facebook. Unga hauna ubaya wowote, watoto lazima wale. Ubaya ni kudhani kwamba kazi ya shule hizo ni kuwatunza watoto ili wasisumbue nyumbani. Kazi ya kwanza ya shule ya viziwi ni kumpa mtoto lugha. Na lugha ni kama daraja: ukilijenga upande mmoja wa mto peke yake, hakuna atakayevuka. Tunaamini Tumutumu na wenzake, kama Shule ya Viziwi ya Kerugoya kule Kirinyaga na ile ya Kaaga kule Meru, wanajenga upande wao. Ni miji ya Mlima Kenya ambayo haijaanza kujenga upande wa pili.

Hebu tuelewe kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto anayesikia hafundishwi kuongea na mtu yeyote. Anaokota Gikuyu kwa cucu, Kiswahili kwa majirani na Sheng kwa watoto wa ploti, na akifika miaka minne tayari anabishana na watu wazima. Kiziwi aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo hupitwa na yote hayo. Miaka ya kwanza, ambayo ubongo unanasa lugha kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote, inaenda hivi hivi. Wengine hufika shuleni wakiwa na miaka sita, saba au zaidi bila lugha yoyote, hata bila neno la kumwita mama. Kabla ya mwalimu kumfunza hesabu, inabidi ampe maneno ya kuhesabia. Kabla ya kumuuliza jina, inabidi amfundishe kwamba watu wana majina. Kisha anatarajiwa amtayarishe kwa mitihani ile ile ya kitaifa.

Kazi hiyo ilifanywa ngumu zaidi na wakubwa wa elimu wenyewe. Mwaka wa 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kusoma midomo na kulazimishwa kutoa sauti, na lugha ya ishara iondolewe madarasani. Mawazo hayo yalisambaa hadi huku kwetu. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya, zilizofunguliwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, ziliendeshwa kwa imani hiyo hiyo. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980, Shule ya Viziwi ya Machakos ikiwa miongoni mwa zilizoanza kutumia ishara darasani, na wasomi kama Michael Ndurumo, ambaye mwenyewe ni kiziwi, wakipigania mikono iruhusiwe kusema. Mwaka wa 2010, kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lililofanyika Vancouver, Kanada, lilieleza majuto kwa maazimio ya Milan. Ilichukua miaka 130.

Mwaka huo huo wa 2010, Wakenya tulipata Katiba mpya. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iendeleze na kukuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, yaani KSL. Kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na pia haki ya kutajwa kwa heshima. Kwa hivyo lile neno "bubu" ambalo bado linatupwa ovyo mtaani halifai. Watu hawa wanaongea, tena sana. KSL si Kiingereza cha mikono, wala si ile ile wanayotumia viziwi wa Tanzania au Marekani. Ina sarufi yake, ina matusi yake, ina vichekesho vyake. Shuleni, mwanafunzi kiziwi hutahiniwa KSL mahali ambapo wenzake wanatahiniwa Kiswahili.

Kwenye karatasi, basi, tuko sawa. Noma inaanza nje ya geti.

Mchukulie msichana wa miaka 19 aliyemaliza shule na kurudi kuishi karibu na Karatina. Sokoni hatahangaika sana. Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini, na mama mboga anayetaka kuuza hatashindwa kuonyesha bei kwa vidole au kwenye simu. M-Pesa nayo ni maandishi, kwa hivyo haimtengi. Lakini biashara ya viazi ni kitu kimoja na maisha ni kitu kingine. Siku akiugua, atamwelezaje daktari maumivu yalianza lini? Atajuaje kidonge kipi kinamezwa kabla ya chakula na kipi kinakatazwa kwa mjamzito? Akitaka kuuliza kuhusu kupanga uzazi au kupimwa HIV, je, ni lazima aje na mama yake au kaka yake amtafsirie? Kila kijana anayesoma hapa anajua kuna maswali ambayo huwezi kuuliza kupitia mdomo wa kaka yako.

Na akidhulumiwa, hali ni mbaya zaidi. Katiba inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kuwa na mkalimani bila kulipa. Hilo ni jema, lakini mlalamishi naye huanzia kwenye dawati la polisi, usiku, akiwa na hofu, mbele ya afisa asiyejua hata ishara ya "nani?" Anayetaka kumdhulumu msichana kiziwi anajua hilo, na anategemea ukimya huo umlinde. Ndiyo maana tunasema suala hili si la kuoneana huruma. Ni suala la usalama.

Wapo watakaouliza: kwani mbona tusifunge shule hizi, watoto wote wasome pamoja kwenye shule ya karibu? Swali ni halali. Tangu 2018 Kenya ina sera inayosukuma elimu jumuishi, na kwa watoto wengi wenye ulemavu hiyo ndiyo njia bora: njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, choo kinachofaa, vitabu vyenye maandishi makubwa, basi wasome na majirani zao. Lakini mweke mtoto kiziwi peke yake katika darasa la watoto 60, na mwalimu asiyejua KSL, halafu utuambie amejumuishwa wapi. Huyo ametengwa katikati ya watu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa na katika mazingira yanayowakuza. Kwa sasa, mazingira hayo ni shule kama Tumutumu. Jumuisho la kweli halitakuja kwa kuivunja shule hiyo, bali kwa kuipeleka lugha yake nje hadi mjini.

Hapa ndipo magavana wetu wanapoingia. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaiachia serikali kuu shule za msingi, za upili na elimu maalum. Kaunti zimepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na huduma nyingi za afya. Ukitazama maisha ya kiziwi, utaona kaunti imeshika pande zote mbili za safari: miaka ya mwanzo ambayo lugha inanaswa, na miaka ya mwisho ambayo kijana anatafuta ujuzi wa kumlisha. Katikati, imeshika hospitali. Kwa hivyo gavana wa Nyeri, Kirinyaga, Laikipia, Embu au Meru hawezi kusema kwamba viziwi ni mambo ya Nairobi.

Tunazitaka kaunti hizi zifanye mambo matatu yasiyohitaji muujiza. Kwanza, kila hospitali kubwa ya kaunti iwe na mkalimani wa KSL aliyeajiriwa, na saa zake zibandikwe mlangoni. Pili, vyuo vya ufundi vya kaunti viwe na angalau mwalimu mmoja anayejua ishara, ili kijana wa Mathira anayetaka kusomea ushonaji au umeme asilazimike kufikiria kwenda hadi chuo cha ufundi cha viziwi kule Karen, Nairobi. Tatu, wazazi wa watoto viziwi wafunzwe KSL mapema, wakati mtoto angali chekechea. Wakitujibu kwamba hakuna pesa, tutawauliza bei ya mishahara ya wakalimani wachache ikilinganishwa na bei ya mgonjwa aliyepewa dawa isiyofaa kwa sababu hakueleweka. Wakisema hakuna wakalimani, tutawakumbusha kwamba Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, imekuwepo tangu 1986 na inafunza KSL.

Waajiri nao wasijifiche. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilishataja asilimia 5 ya nafasi za kazi, na Katiba inataja kiasi hicho hicho kwa nyadhifa za umma. Kiziwi aliyesoma anaweza kupanga hesabu, kuoka mikate, kutengeneza simu, kushona sare na kuendesha kompyuta. Anachohitaji ni bosi asiyechoka kuandika ujumbe mfupi au kujifunza ishara 50 za kazi.

Lakini wasee, tusisubiri gavana peke yake. Tumejifunza Kikorea kwa sababu ya muziki na filamu, kujifunza majina ya siku, pesa, maumivu na "nikusaidie vipi?" kwa mikono hakutatushinda. Video za KSL zimejaa mtandaoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Karatina na cha Dedan Kimathi mnaweza kuanzisha vilabu vya KSL na kuwalipa viziwi wenyewe wawafunze, kwa sababu lugha ni yao. Ukikutana na kiziwi, mtazame usoni, simama penye mwanga, usipige kelele, na usimwongeleshe mwenzake ilhali yeye yupo hapo. Ukikwama, toa simu uandike. Makanga, mhudumu wa M-Pesa, nesi na mwenye boda, ninyi ndio mtakaoamua kama yale ambayo mwalimu alifunza kwa miaka kumi na zaidi yatatumika mjini au yatabaki bwenini.

Na kama una ndugu kiziwi, anza naye. Shule zikifungwa tena, asikupate ukiwa bado na zile ishara tatu. Muulize akufunze nyingine kumi kila jioni. Yeye ndiye mwalimu, wewe ndiye mwanafunzi.