BETRI MPYA SIYO DAWA YA KILA GONJWA!

Jamaa mmoja wa Nachingwea, jina kapuni, kauza korosho, kavuta GX 100 ya zamani. Kaenda nayo harusini Ruangwa, picha kibao mtandaoni. Kurudi, gari haliwaki, suti yote jasho anasukuma! Kanunua betri mpya, siku mbili tu, kimya tena.

Wadau, betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma volti 12.6 hivi. Ukiwasha, ipande 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, mara nyingi alteneta au mkanda wake ndio mgonjwa, betri inaonewa tu. Na kwanza kabisa, vichwa vya betri visafishwe na vikazwe.

Ndinga ya zamani siyo aibu. Aibu ni fundi asiyeshika mita kubahatisha kwa hela yako ya msimu. Mnasemaje?