Mambo ya Nyumbani: Kitabu cha Kumbukumbu

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kazi ya mikono isiyo na gharama kubwa, ambayo baba, mama na watoto waweza kuifanya pamoja mezani: kufanyiza kitabu cha kumbukumbu za nyumbani. Ndani ya kitabu hicho hutiwa picha, barua, vyeti vya ubatizo, kadi za arusi, vipande vya magazeti, na kila kikaratasi ambacho jamaa hawapendi kipotee. Na kando ya kila kitu huandikwa maneno ya kukieleza.

Kazi hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 ilipendwa sana Uingereza na Marekani, hata Mark Twain, yule mwandishi mashuhuri, mwaka 1873 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, ambacho mtu hulowanisha kidogo tu na kubandika. Tena mwaka 1980 mama mmoja wa Utah, Marielen Christensen, alionyesha vitabu vya jamaa yake katika mkutano mkubwa wa kumbukumbu mjini Salt Lake City, na baada ya hapo ikawa biashara kubwa huko, yenye maduka yake, mikasi yake ya kukata mapindo na karatasi zake za maua. Mapambo hayo hatuyakatazi. Lakini anayeanza asianze na mapambo, kwa maana kitabu kilichotengenezwa vibaya huiharibu picha upesi kuliko kama ingaliachwa ndani ya bahasha. Na katika nyumba nyingi za kwetu picha ya bibi au ya babu ni moja tu, wala hakuna nyingine duniani.

Basi kwanza tuitazame karatasi. Zamani karatasi ilifanywa kwa matambara ya nguo, nayo ilidumu sana. Katikati ya karne ya 19 watu wakaanza kusaga miti. Ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, nacho kikipigwa na nuru na hewa hugeuka rangi kikawa kama chai. Tena viwanda vilitia shabu na utomvu wa msonobari ili wino usienee, na shabu ile huzaa asidi, nayo asidi huikata karatasi kidogo kidogo mpaka ikavunjika kama jani kavu. Mmarekani mmoja, William Barrow, alichunguza sana jambo hili, na katika miaka ya 1950 akaonyesha kwamba asidi ndiyo inayoua vitabu. Ubaya wake ni kwamba haikai mahali pamoja: kipande cha gazeti kikilala juu ya barua miaka kadhaa, huacha alama ya kahawia yenye umbo lake lile lile.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Chukua gazeti na karatasi nyeupe, uviweke dirishani penye jua, na nusu ya kila kimoja uifunike kwa kitabu kizito. Baada ya majuma mawili ondoa kitabu. Gazeti litakuwa na rangi mbili, wala hutahitaji kueleza mengi.

Kwa hiyo, kwa kurasa za kitabu, tafuteni karatasi nene iliyoandikwa kwamba haina asidi wala lignini, yenye uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ikiwa dukani haipatikani, msikate tamaa mkachukua karatasi ya manila ya rangi kwa sababu yavutia macho. Mara nyingi hufanywa kwa mti duni, na rangi yake huchuja ikipata unyevu. Karatasi nyeupe ya kawaida ya kupigia chapa ofisini ni afadhali sana, kwa kuwa siku hizi viwanda vingi huifanya kwa chokaa badala ya shabu. Ni nyembamba, lakini yaweza kukunjwa mara mbili ukurasa ukapata nguvu. Vipande vya magazeti visitiwe kitabuni vyenyewe. Pigeni nakala ya fotokopi juu ya karatasi njema, na gazeti lenyewe liwekwe katika bahasha ya peke yake. Hali kadhalika stakabadhi za dukani, na zile picha za mtoto angali tumboni ambazo hospitali huwapa wazazi. Nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino, nazo hufifia mpaka zikawa nyeupe tupu. Pigeni nakala mapema.

Vyombo si vingi. Yatosha kuwa na mkasi mkali, rula ya chuma, wembe wenye mpini, kalamu ya risasi iliyo laini, sindano nene ya kutobolea, kamba ya kiatu iliyo safi, na brashi ndogo. Majalada yawe ya karatasi ngumu. Toboeni matundu mawili au matatu ukingoni, mpitishe kamba na kuifunga, wala msiishone moja kwa moja, ili kurasa zipate kuongezwa mtoto mwingine akizaliwa. Na kila baada ya karatasi moja tieni kipande chembamba, upana wa sentimita 3, upande wa kamba tu. Pasipo vipande hivyo picha hulifanya tumbo la kitabu kuvimba, na jalada halifungi.

Sasa gundi, na hapa ndipo penye hasara nyingi. Selotepu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1930, nayo ni kitu kizuri sana kwa kufunga vifurushi. Juu ya picha au cheti haifai hata kidogo: gundi yake huzama ndani ya karatasi, hugeuka manjano kama mafuta, kisha utepe huanguka na doa hubaki milele. Gundi ya mpira nayo mara nyingi ina kiberiti, ambacho hula fedha iliyomo katika picha za zamani zisizo na rangi. Klipu na pini za stepla hupata kutu, hasa pwani. Kanuni yetu ni hii: gundi isiguse picha yo yote. Picha ishikwe kwa pembe nne za karatasi, hata siku mtu akitaka kuitoa ili ipigwe nakala, itoke salama.

Pembe hizo hazina haja ya kununuliwa. Kateni kipande cha karatasi njema chenye urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Kunjeni pembe zake mbili za juu zishuke mpaka zikutane katikati ya ukingo wa chini. Mtapata pembetatu yenye mfuko ndani. Fanyeni nne kwa kila picha, mzivike picha pembeni, upande laini ukitazama juu, mlinganishe picha juu ya ukurasa kwa rula, kisha pakeni gundi kidogo chini ya pembe peke yake na kuzikandamiza. Gundi ikiwa nyingi itapenya mkunjoni na kuikamata picha, na kazi yote itakuwa bure.

Gundi ya nyumbani hufanywa kwa wanga wa ngano, na ndiyo watumiayo hata mafundi wa kutengeneza vitabu katika maktaba kubwa. Changanyeni kipimo kimoja cha wanga na vipimo vitano vya maji, mpike kwa moto mdogo mkikoroga bila kuacha kwa muda wa nusu saa, mpaka uji ule uwe mzito na kung'aa. Ukipoa uchujeni kwa kitambaa. Unga wa ngano wa kupikia chapati haufai kama wanga wenyewe, kwa maana una vitu vingine vinavyowaita wadudu. Msipike nyingi; huchacha baada ya siku chache.

Wengi mnazo zile albamu zilizopendwa tangu miaka ya 1960 na kuendelea, ambazo kila ukurasa una mistari ya gundi na juu yake plastiki ya kufunika. Mtu hubandua plastiki, huweka picha, basi. Hizo ni mbaya kabisa. Gundi hukauka ikaishika picha, na plastiki nyingine hutoa mvuke wenye asidi. Ikiwa picha zenu zimo humo, zitoeni sasa. Inayokataa isivutwe kwa kucha, maana itapasuka. Pitisheni uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kama mtu akataye sabuni kwa uzi. Ikikataa hata hivyo, pigeni picha ya ukurasa mzima kwa simu na kuuacha ulivyo. Mkitaka mifuko ya plastiki, ulizeni ya poliesta au polipropilini, wala si ile yenye harufu kali.

Kitabu kiwekwe kabatini, mbali na ukuta wa nje, wala si sakafuni wala chini ya paa lenye joto. Kifunguliwe mara kwa mara, kwa sababu mende na mchwa hupenda mahali pasipoguswa.

Limebaki jambo la kuandika, nalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Watu wengi wa pwani wana picha zilizopigwa na Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, au na Parekh wa Mombasa, aliyeanza miaka ya 1940. Ni picha nzuri mno; lakini geuza nyuma, mara nyingi hamna neno. Na katika albamu nyingi walizofanya wageni waliokaa Afrika ya Mashariki zamani, jina la bwana mwenye nyumba limeandikwa, bali mpishi na yaya waliosimama kando yake hawana majina. Baadhi ya albamu hizo leo zimetunzwa vizuri katika maktaba za ng'ambo, karatasi zote salama, na watu wale hawajulikani ni nani.

Basi msiandike "Sisi kwenye arusi." Andikeni majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na ni nani aliyepiga picha. Mwaka usiojulikana hakika uandikwe kwa kalamu ya risasi na neno "yapata." Tena tuna ombi juu ya akina mama. Kwa heshima twawaita kwa majina ya watoto wao, mama fulani na bibi fulani, na heshima hiyo ni njema. Ila kitabuni jina lake mwenyewe liandikwe, na jina la baba yake. Kuna vijana wengi ambao hawajui bibi yao aliitwaje alipokuwa msichana. Wazee wangalipo, kaeni nao na picha mkononi, mkaulize. Kazi hii isingojee karatasi wala gundi. Jina liandikwe nyuma ya picha, karibu na ukingo, kwa kalamu ya risasi laini, picha ikilala juu ya kitu kigumu, wala msikandamize, maana kalamu ya wino huacha makovu yanayoonekana mpaka usoni.